Kocha Anaporudi Darasani: Kinachofundishwa Katika Uzamili wa Sayansi ya Ukocha

Sayansi ya ukocha ni taaluma inayochunguza namna mwanamichezo anavyofunzwa, namna mwili na akili yake vinavyoitikia mafunzo hayo, na namna maamuzi ya anayemfunza yanavyoweza kupimwa kwa ushahidi badala ya kusifiwa siku ya ushindi na kulaaniwa siku ya kipigo. Katika ngazi ya uzamili, yaani shahada ya pili, taaluma hiyo hukusanya fani ambazo zamani kila moja ilikaa kivyake: fiziolojia, ambayo ni elimu ya utendaji wa viungo vya mwili, biomekanika, inayochambua mwendo wa mwili kwa kanuni za fizikia, saikolojia, elimu ya ufundishaji, na takwimu, ambayo wanafunzi huiogopa kuliko zote na ambayo, hata hivyo, ndiyo uti wa mgongo wa masomo yenyewe.

Watu wengi huchanganya shahada hii na leseni za ukocha zinazotolewa na mashirikisho ya michezo, kama zile za Shirikisho la Soka la Afrika zinazopanda kutoka daraja D hadi C, B, A na hatimaye Pro. Leseni ni kibali cha kazi: humthibitisha kocha kuwa anaweza kupanga kipindi cha mazoezi, kusimamia benchi na kulinda usalama wa wachezaji wake. Shahada ya uzamili haimpi mtu kibali cha kukaa kwenye benchi lolote, na mwenye shahada hiyo asiye na leseni atabaki jukwaani na tasnifu yake mkononi. Kinachofundishwa chuoni ni kitu kingine kabisa, na ili kukielewa hapana budi kuanza na ukweli usiowapendeza sana wahadhiri wa fani hii, kwamba baadhi ya makocha waliofanikiwa kuliko wote hawakuwahi kuisomea.

Colm O'Connell, mtawa kutoka Ayalandi, alifika Iten katika Bonde la Ufa nchini Kenya mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St. Patrick's, bila mafunzo yoyote ya riadha, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 na kuweka rekodi ya dunia. Peter Coe, aliyemfunza mwanawe Sebastian hadi medali za dhahabu za Olimpiki za mita 1,500 mwaka 1980 na 1984, alikuwa mhandisi. Mhandisi huyo, hata hivyo, hakudharau chuo: mwanawe aliposoma Loughborough, Uingereza, kazi ya kumjenga nguvu za mwili ilishirikisha George Gandy, mhadhiri wa biomekanika chuoni hapo, na mchango huo ni wa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba kipaji cha kocha hakihitaji maabara.

Kama kocha asiye na shahada anaweza kutoa bingwa wa dunia, basi kinachotafutwa darasani si siri ya kutoa mabingwa. Kinachotafutwa ni uwezo wa kujibu swali moja gumu: je, mazoezi ndiyo yaliyoleta matokeo, au matokeo yangekuja hata bila mazoezi hayo? Mwanariadha wa miaka 17 anayepunguza sekunde tano katika mwaka mmoja huenda amefunzwa vizuri, lakini huenda pia amekua tu, amelala vya kutosha, amebadilisha viatu, au amekimbia mbio zake mbovu kuliko zote siku alipopimwa mara ya kwanza. Uwezekano huo wa mwisho una jina katika takwimu, nalo ni kurejea kwenye wastani: kiwango kibovu au kizuri kupita kawaida hufuatwa, mara nyingi, na kiwango kilicho karibu na kawaida ya mtu, bila sababu nyingine yoyote. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alilieleza jambo hilo kwa mfano wa wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli, ambao walisadiki kuwa sifa huharibu na karipio hurekebisha, kwa kuwa kila walipomsifu rubani zoezi lililofuata lilikuwa bovu zaidi na kila walipomfokea lilikuwa afadhali. Makocha wa soka wanaofoka wakati wa mapumziko na kuona timu ikiamka kipindi cha pili wamo katika mtego uleule, na wengi wao hustaafu wakiwa bado humo.

Sehemu ya masomo inayopendwa zaidi ni ya maabara, kwa kuwa huko mambo huonekana kwa macho. Kipimo cha laktati ni mfano mzuri. Laktati ni zao la kemikali linaloongezeka katika damu pale misuli inapotengeneza nishati kwa kasi kubwa, na mtu aliyepumzika huwa na kiasi cha milimoli moja tu kwa lita. Mkimbiaji hupandishwa kwenye mashine ya kukimbilia, kasi huongezwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikichukua dakika tatu hadi tano, na mwisho wa kila ngazi mwanafunzi hutoboa ndewe ya sikio au ncha ya kidole, hufuta jasho kwa uangalifu kwa sababu jasho nalo lina laktati, hutupa tone la kwanza la damu na kulipima la pili. Anayefuta ovyo hupata tarakimu za kutisha ambazo hazina uhusiano wowote na mkimbiaji. Vipimo vikishachorwa kwenye grafu, mstari huonekana ukitambaa karibu sawasawa katika kasi za chini, kisha hupinda na kupaa, na eneo lile la kupinda ndilo linaloitwa kizingiti, yaani kasi ambayo mwanariadha akiivuka hawezi tena kuishikilia kwa muda mrefu.

Watafiti wa Ujerumani, Alois Mader na wenzake, walipendekeza mwaka 1976 kwamba kizingiti hicho kihesabiwe kuwa milimoli nne kwa lita, na kwa miaka mingi makocha waliitumia tarakimu hiyo kama amri. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa historia yake ili aelewe kuwa nne ni wastani tu, kwamba mtu mmoja anaweza kudumu katika kasi fulani akiwa na laktati kidogo kuliko hiyo na mwenzake akadumu akiwa nayo nyingi zaidi, na kwamba kumpangia mwanariadha mazoezi kwa wastani wa watu wengine ni kumvalisha shati la jirani. Hufundishwa pia kuwa imani inayorudiwa viwanjani kila siku, kwamba maumivu ya misuli siku mbili baada ya mazoezi makali husababishwa na laktati iliyobaki mwilini, si sahihi, kwa sababu laktati huondoka katika damu muda mfupi baada ya mazoezi, na misuli na moyo huitumia kama mafuta ya kuendeshea kazi.

Si kila kipimo kinahitaji mashine, na hili ni la kutia moyo kwa vyuo visivyo na bajeti nene. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alibuni mizani ambayo kwayo mwanamichezo hutaja mwenyewe ugumu wa kazi anayoifanya, na Mmarekani Carl Foster akaigeuza kuwa hesabu ambayo kocha yeyote mwenye kalamu anaweza kuifanya: nusu saa baada ya mazoezi kila mchezaji huulizwa kipindi kizima kilikuwa kigumu kiasi gani kati ya 0 na 10, na jibu huzidishwa kwa dakika za mazoezi. Kocha aliyepanga kipindi chepesi cha dakika 60, akitarajia wachezaji wataje 3, hutarajia mzigo wa 180. Kiungo wake akitaja 7, mzigo wake ni 420, na kuna jambo la kuulizwa kabla ya mechi ya Jumamosi, liwe la usingizi, la chakula, la homa inayonyemelea au la matatizo ya nyumbani. Hesabu haijibu ni lipi. Inachofanya ni kuonyesha kwamba mazoezi yaliyoandikwa kwenye daftari la kocha na mazoezi yaliyoupata mwili wa mchezaji ni vitu viwili.

Nadharia za kupanga mwaka wa mazoezi hupitiwa kwa jicho hilohilo la mashaka. Kugawa msimu katika vipindi vya kujenga, kushindana na kupumzika, mfumo uliopata umbo lake la kitaaluma katika Umoja wa Kisovyeti kupitia maandishi ya Lev Matveyev katika miaka ya 1960, hufundishwa karibu kila kozi ya ukocha duniani kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mwaka 2012 mtafiti John Kiely alichapisha makala iliyohoji ni kiasi gani cha mfumo huo kinatokana na ushahidi na kiasi gani ni mapokeo, na makala hiyo imekuwa chakula cha mijadala mirefu ya semina za uzamili, ambamo mwanafunzi aliyefunza timu kwa miaka 10 kwa mpango uleule hulazimika kueleza kwa nini.

Upande wa ujifunzaji wa stadi una matokeo yanayowashangaza zaidi watu wa viwanjani. Katika jaribio la John Shea na Robyn Morgan la mwaka 1979, watu walijifunza miendo mitatu ya mkono kwa njia mbili, wengine wakirudia mwendo mmoja mpaka waumalize ndipo waende wa pili, na wengine wakichanganya yote mitatu bila mpangilio. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi, lakini walipopimwa baadaye kuona kilichobaki, waliochanganya ndio waliokuwa mbele. Matokeo ya namna hii huwa hafifu zaidi yanapohamishwa kutoka maabara kwenda kwenye mpira halisi, na mwanafunzi makini hulisema hilo wazi. Hata hivyo yanatosha kumfanya kocha awe na shaka na kile kipindi cha mazoezi kinachopendeza kutazama, ambapo winga hupiga krosi 30 mfululizo kutoka sehemu ileile na zote zikafika, kwa kuwa uzuri wa mazoezi na kiasi cha kujifunza si jambo moja.

Kocha mwenyewe naye ni wa kupimwa. Katika msimu wa 1974 hadi 1975 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa kwenye viti vya ukumbi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles wakimwangalia John Wooden, ambaye timu yake ya mpira wa kikapu ilikuwa ikielekea kutwaa ubingwa wa vyuo wa mara ya 10 katika miaka 12. Waliandika kila alichokisema au kukifanya kama kitendo cha kufundisha, wakakipanga katika makundi, na kupata vitendo 2,326. Nusu yake ilikuwa maelekezo matupu: nini kifanyike na kifanyike vipi. Sifa zilikuwa chache na makaripio yalikuwa machache vilevile, kila moja chini ya asilimia 10, jambo ambalo halilingani na picha ya kocha mkubwa anayehamasisha kwa hotuba. Njia hiyo ya kuangalia kwa utaratibu, ambayo inahitaji karatasi yenye visanduku na watazamaji wawili ili kuhakikisha kuwa wanayaona mambo kwa namna moja, imebaki kuwa mojawapo ya zana za kwanza anazokabidhiwa mwanafunzi wa uzamili, na wengi hushtuka wanapoitumia kwa video yao wenyewe, wakikuta kwamba kocha anayejiona mwalimu ametumia robo saa kupiga filimbi na kusema “haya, twende, twende”.

Athari za mwenendo huo kwa watoto zimepimwa pia. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza mafunzo mafupi kwa makocha wa besiboli ya watoto, yakisisitiza kutia moyo juhudi na kuelekeza baada ya kosa badala ya kuadhibu, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ni asilimia 5 tu ya watoto wa makocha waliopata mafunzo walioacha mchezo mwaka uliofuata, ilhali kwa makocha wasiofunzwa walioacha walikuwa asilimia 26. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko nyingi zinazopatikana maabara, na haikuhitaji hata tone moja la damu.

Damu, sindano na vidonge vina sura yao katika historia ya fani hii, na ni sura ambayo mtaala wowote wa heshima hauiruki. Mwaka 1950 Ujerumani Mashariki ilianzisha mjini Leipzig chuo kikuu cha michezo, Deutsche Hochschule für Körperkultur, kilichogeuka kuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya sayansi ya mazoezi duniani na kilichofunza pia makocha kutoka nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Sambamba nacho kulikuwa na taasisi ya utafiti, na kuanzia mwaka 1974 mpango wa siri wa serikali wa kuwapa wanamichezo homoni za kiume, hasa vidonge vya Oral-Turinabol, wakiwamo wasichana wadogo walioambiwa kuwa ni vitamini. Wanasayansi walioshiriki waliandika tasnifu za uzamivu juu ya dozi na ongezeko la kasi, zikatetewa mbele ya majopo, zikapewa alama, kisha zikafungiwa kama siri za nchi. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, Werner Franke, mtaalamu wa biolojia, na mkewe Brigitte Berendonk, aliyewahi kurusha kisahani kwenye Olimpiki kwa upande wa Ujerumani Magharibi, walizifikia nyaraka hizo na kuziweka hadharani, Berendonk akichapisha kitabu mwaka 1991. Nazo zikasaidia kuwafikisha wahusika mahakamani. Kitaalamu baadhi ya tasnifu hizo zilikuwa na vipimo safi kuliko utafiti mwingi uliochapishwa waziwazi wakati ule, na ndiyo maana zinafaa kusomwa leo: zinaonyesha kwamba umahiri wa kupima hauzuii uovu.

Kutokana na historia ya aina hiyo, na ile ya tiba iliyozaa Azimio la Helsinki la mwaka 1964 kuhusu utafiti kwa binadamu, hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa leo kumtoboa mchezaji sikio kabla ya pendekezo lake kupitishwa na kamati ya maadili, mchezaji kuridhia kwa maandishi, na mzazi kuridhia pale mchezaji anapokuwa mtoto. Nchini Kenya huongezeka kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na nchini Tanzania kile cha tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH. Ugumu ulio halisi zaidi ni mwingine: mtafiti aghalabu ndiye kocha wa timu anayoitafiti, na mchezaji anayetaka namba kwenye kikosi hawezi kuwa huru kabisa kusema hapana.

Kuhusu mpangilio wa masomo hakuna mengi ya kusema. Uingereza shahada hii huchukua mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote, Afrika Mashariki kwa kawaida huchukua miaka miwili, ya kwanza ikiwa ya masomo ya darasani na ya pili ya utafiti na tasnifu, na anayetaka kuendelea na uzamivu hujiandaa kwa miaka mingine mitatu au zaidi. Jambo linaloamua mafanikio kuliko jina la chuo ni msimamizi wa tasnifu, na mwombaji mwenye busara husoma kwanza machapisho ya msimamizi huyo kabla ya kutazama picha za viwanja kwenye kijitabu cha matangazo.

Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi, ndicho chenye jina kubwa katika ukanda huu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, huku Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, kikishughulikia mafunzo ya ngazi za chini. Uwezo wa eneo hili hauonekani vizuri kwa kuhesabu mashine. Kwa miaka mingi wakimbiaji wa Bonde la Ufa walipimwa na wageni: Bengt Saltin na wenzake kutoka Skandinavia walichapisha mwaka 1995 matokeo yaliyoonyesha kuwa Wakenya bora hawakuwazidi wenzao wa Skandinavia kwa kiwango cha juu cha oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia, bali walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile. Miaka 11 baadaye Vincent Onywera wa Kenyatta, akishirikiana na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972 ambaye baada ya kustaafu mbio alifikia uprofesa, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha utafiti wa dodoso uliowahusisha wakimbiaji mashuhuri zaidi ya 400, wakieleza walikotoka, walivyokwenda shuleni utotoni na kwa nini walichagua mbio. Maswali ya namna hiyo huulizwa vizuri zaidi na mtu anayeijua barabara ya shule yenyewe.

Mfano wa tasnifu isiyohitaji maabara uko wazi. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Roger Barnsley walionyesha kuwa wachezaji bora wa hoki ya barafu walikuwa wamezaliwa kwa wingi katika miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa sababu katika kundi la umri linaloanza Januari mtoto wa Januari humtangulia wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa kukua, huonekana ana kipaji, huchaguliwa, na kuchaguliwa kwenyewe humpa mazoezi bora zaidi. Mashindano ya shule za Tanzania, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, hukusanya vijana kutoka mikoa yote, na tarehe zao za kuzaliwa zimo kwenye fomu za usajili. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kulinganisha miezi iliyoonekana na ile ambayo ingetarajiwa kama mwezi wa kuzaliwa haungekuwa na uzito wowote. Tatizo ni kwamba tarehe za kwenye karatasi si za kuaminiwa zote, ndiyo maana FIFA imekuwa ikipima mifupa ya kifundo cha mkono kwa picha za sumaku katika mashindano ya chini ya miaka 17 tangu mwaka 2009, hivyo mwanafunzi huyo atalazimika kulinganisha fomu na vyeti vya kuzaliwa na madaftari ya shule kabla ya kuhesabu chochote, na huenda akajikuta amemwandikia msimamizi wake barua ya kuomba kubadilisha mada ya tasnifu.